Kajiwe Kando ya Nyota Nyekundu

5 Septemba, Ijumaa

Naanza daftari hili kwa sababu moja: Abdulhamid akirudi ataniambia, "Haya, nieleze yote," na mimi huwa nimeshasahau nusu. Mume wangu yuko Shabunda. Amepeleka tochi, betri na vitenge kwa wachimba dhahabu, na huko ndani alikoingia safari hii simu haishiki. Tangu uwanja wa ndege wa kwetu ufungwe, mtu aliyekwenda Shabunda humfuati, unamsubiri tu atoke. Mara ya mwisho alipanda mlima kutafuta mtandao, katikati ya mwezi wa nane, akasema atarudi kabla mvua haijashika. Kisha akaniuliza, "Kajiwe kanaendelea?" na laini ikakatika.

Jana ilikuwa Maulidi. Nilivaa gauni la njano, nikapaka wanja, nikajipulizia manukato aliyoniletea kutoka Bujumbura. Mama mkwe wangu, Mama Amisa, alinitazama kuanzia kisigino.

"Djamila, unanukia mupaka kisiwani Idjwi," akasema. "Bwana yako haiko. Unanukilia nani?"

"Malaika, mama. Leo beko bengi."

Wanawake wote wakacheka ila yeye. Tunaishi naye hapa Kadutu. Nyumba ni yake, na hachoki kunikumbusha.

8 Septemba, Jumatatu

Mvua ya kwanza. Baada ya alasiri sheikh alimwita mama msikitini. Amerudi ameloa chapachapa, mwavuli umo mkononi, haujafunguliwa. Nikamcheka. Akapita, akafunga mlango wa chumba chake.

9 Septemba

Mama ameomba bangili zangu. "Leta nikubikie. Mu quartier bezi iko bengi." Nikampa aniwekee, wezi wa mtaani wasizione. Si ugomvi wa kuanza nao asubuhi.

10 Septemba

Mvua.

14 Septemba

Abdulhamid asije akasema nimeandika habari za mama yake tu. Hii hapa ya Kajiwe.

Kajiwe ni jina alilolitoa yeye. Vitabuni sayari hii ina namba ndefu inayoishia na herufi b, nayo ndiyo tasnifu yangu ya mwaka wa mwisho chuoni. Ni sayari ya mwamba mtupu, imeizidi dunia yetu kidogo tu, inazunguka nyota ndogo nyekundu, na imeisogelea mno: mwaka wake haufiki siku mbili za kwetu. Kwa ukaribu huo nyota imeishika uso. Upande mmoja unaitazama daima, mchana wake haukwishi. Upande wa pili haujawahi kuiona.

Hakuna mtu aliyeiona Kajiwe yenyewe. Inajulikana kwa nuru ya nyota yake. Ikipita mbele, nuru inapungua. Ikijificha nyuma inapungua tena, kiasi kidogo sana, kwa sababu joto lake nalo limefichwa. Mimi nashughulika na huko nyuma. Darubini zilishapima, vipimo viko wazi kwa kila mtu, na profesa wangu Patrice amenipa vyote kwenye clé ya kompyuta. Swali ni moja: Kajiwe ina hewa? Kama ina hewa, upepo unabeba joto na kulipeleka upande wa giza. Kama haina, upande mmoja unaungua na wa pili unaganda, wala haujuani na mwenzake.

Nataka iwe na hewa. Profesa anasema mtafiti hatakiwi kutaka. Basi nataka kimoyomoyo.

21 Septemba

Mama amesema wanja unaharibu macho ya mtu anayekaa kwenye kompyuta. Ameyasikia wapi hayo? Ameuchukua, na chupa ya manukato pia, eti inampa kikohozi, na nguo zangu za rangi, eti matope ya mvua yataziharibu. Mwanamke huyu alikuwa akichoma udi chumba kizima mpaka kuku wanapiga chafya.

28 Septemba

Harusi ya rafiki yangu Rosette, nami niko nyumbani. Nilikuwa nimeshavaa. Mama alisimama mlangoni.

"Hautoki."

"Mama, ni harusi ya Rosette. Tumesoma naye tangu primaire."

"Jana udongo umeangukia nyumba kule chini. Batu bamekufa. Kaa, fanya ile mémoire yako."

Mwaka jana tasnifu hiyo hiyo aliiita uvivu wa kuangalia juu. Nimekaa. Nimekasirika mpaka nimekosea hesabu mara tatu. Watu wanasema mume akisafiri, mke huonja uhuru. Mimi nimeachiwa askari.

3 Oktoba

Hakuna habari. Mvua imeshika na hajarudi.

12 Oktoba, Jumapili

Leo tumesoma hitima ya marehemu baba mkwe, Mzee Almasi. Kwa kawaida tunamsomea karibu na Ramadhani, lakini mama amesema amemwota. Nani atabishana na ndoto? Nimepika tangu alfajiri: pilau sufuria mbili, na sambusa sijui ngapi. Kuni zilikuwa mbichi, moshi umenitoa machozi mpaka pua imevimba. Wanaume walisoma sebuleni, mimi niko ua wa nyuma, naimba kimoyomoyo ili mikono isichoke.

Jirani yetu Bibi Mwamvua alikuja jikoni akanishika mabega, hakuniachia. "Pole, mutoto wangu. Pole sana." Nikamwambia, bibi, ni moshi tu, nitapona. Akaondoka haraka bila hata kuonja chumvi, na yeye ndiye muonjaji mkuu wa Kadutu nzima.

Pilau imenikubali. Abdulhamid angekula sahani tatu. Nilimwekea ukoko pembeni, kwa mazoea, kisha nikaula mwenyewe.

13 Oktoba

Nimelala mchana kutwa.

25 Oktoba

Umeme umekatika siku ya tatu. Nilikuwa nimekaa barazani nikiitazama mvua, mama akaja na kigoda chake akakaa kando yangu. Hajawahi.

"Ile nyota yako," akasema. "Iko mbali?"

"Mbali sana, mama. Nuru yake ikitoka leo, itafika huku mi nikiwa muzee. Hii tunayoipima ilitoka mbele mi sijazaliwa."

Akafikiri. "Sasa mutajua aje kama ingali iko?"

"Nyota za namna ile hazifi upesi. Zinaishi kupita zote. Iko, mama. Usiogope."

"Nauliza tu. Kama ilizimika, ninyi mungali munaangalia tu mwangaza yake, munafurahi."

"Ndiyo, tungefurahi tu. Hatungejua."

Mvua ilipoisha akanifunika mabega kwa kitenge chake. Nikasema asante.

2 Novemba

Bado.

8 Novemba, Jumamosi

Leo nimemkosea adabu mama wa mume wangu, na sina hakika kama najuta.

Dada yangu Élodie anaolewa Uvira. Kwetu tumebaki wawili tu, baba na mama walishatangulia. Alisilimu pamoja nami tulipolelewa na shangazi, jina la ubatizo likambakia. Nilimwambia mama nakwenda, siku nne tu, nitapanda gari na wake za wafanyabiashara wanaojulikana. Akasema hapana. Nikauliza sababu. Akasema barabara. Nikamwambia wengine wanapita. Akasema, "Mupaka mwezi wa kwanza. Mwezi wa kwanza utaenda penye unataka."

"Élodie anaolewa mwezi huu, si mwezi wa kwanza!"

"Mwezi wa kwanza, Djamila."

Hapo nikalipuka. Nilimwambia kwamba amenivua bangili, amenivua rangi, amenifungia ndani kama mbuzi wa Idi, na kwamba mwanawe akirudi nitamweleza yote, tena yameandikwa. Nilimwambia, "Unafanya mi kama mujane na bwana yangu iko muzima!"

Nilitegemea anipige kofi. Alishika ukuta. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie. Akirudi, umwambie yote." Akaenda kutawadha ingawa saa ya swala haikuwa imefika.

9 Novemba

Mama hakutoka chumbani. Nilimpelekea chai, akainywa.

16 Novemba

Élodie ameolewa. Amenitumia picha. Nimelia, nikasema ni kitunguu.

22 Novemba

Mvua.

23 Novemba

Mvua. Bado.

7 Desemba

Uvira kumechafuka kwa vita. Élodie na mumewe wamevukia Burundi, wazima, alhamdulillahi. Mama alinishikia simu mpaka nilipoisikia sauti ya dada. Kisha akasema, "Huyo iko. Umesikia? Iko." Akanikumbatia kwa nguvu mno. Ana mifupa kama ndege, sikujua amekonda namna hii.

Nimeanza kumwonea haya kwa yale niliyosema. Huwa anakaa nami ninapofanya kazi. Hesabu haielewi hata moja, lakini nikisema nimepata, anatabasamu. Jana alinimenyea chungwa, akaondoa hata nyuzi nyeupe. Abdulhamid aliniambia zamani, "Mama yangu ukimungojea, atafika." Naona anafika.

19 Desemba

Nimepata jibu la Kajiwe. Nimerudia mara nne, nikamtumia profesa, naye ameafiki. Upande wa mchana una joto lote ambalo mwamba mtupu unaweza kuwa nalo. Hakuna kilichobebwa kwenda ng'ambo. Haina hewa, au kama inayo ni nyembamba mno hata haifai kuitwa hewa.

Nilisikitika kama mtoto. Mama alikuwa akichambua mchele.

"Basi ule upande wa giza haupati kitu?" akauliza.

"Haupati kitu."

"Hata mupepo kidogo? Ikuje iseme, kule kwingine iko hivi?"

"Hakuna mupepo, mama. Hakuna wa kusema."

Aliuweka ungo chini. "Hiyo ni kosa ya nani?"

Nikacheka, nikamwambia ni kosa la ukaribu. Nyota nyekundu zina hasira, huenda zilipeperusha hewa yote zamani. Akainuka akaenda zake na mchele haujaisha.

28 Desemba, Jumapili

Sijui niandike vipi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Kabla ya adhuhuri mlango uligongwa. Mama alikuwa jikoni anakanda unga. Nikafungua. Alikuwa Akili, mwenzake Abdulhamid wa biashara, yule aliyesafiri naye. Amekonda, ndevu zimeota ovyo, viatu vimekwisha. Nilipiga ukelele wa furaha. Nikatazama nyuma yake, njia nzima mpaka chini kwenye kona, nikimtafuta wa pili.

Akili alinitazama. Nilikuwa na kitenge cha kahawia kilichopauka, bila bangili, bila wanja, kichwa nimekifunga kitambaa cheusi. Kwa macho yake nilikuwa nimekamilika. Akainamisha kichwa, akasema:

"Mungu akupe subira, shemeji. Nilimuosha mi mwenyewe. Tulimuzika jioni ileile, kwa heshima yote. Usiwaze."

Nikamwuliza, "Ulimwosha nani?"

Akanyanyua uso. Nilimwona akielewa. Alirudi nyuma hatua moja kwenye matope.

Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mikono myeupe kwa unga. "Nilitaka siku ya eda kuisha," akasema. "Ilibakia kidogo tu."

Abdulhamid alikufa tarehe tatu mwezi wa tisa. Homa, ikapanda kichwani, hakukuwa na dawa. Mimi kesho yake nilikuwa Maulidi, ninanukia mpaka Idjwi. Akili alitembea mpaka penye mtandao akamwambia sheikh, na sheikh akamwambia mama, kwa sababu kwetu habari ya kifo ni ya wakubwa wa nyumba. Haipelekwi kwa mke kwa simu wala na jirani. Mkubwa huipokea, akatafuta saa nzuri, ndipo humkalisha mke akamwambia. Mpaka mkubwa aseme, wengine wote hufunga vinywa. Bibi Mwamvua alijua. Wasomaji wa hitima walijua. Ile ilikuwa arobaini yake, na nilimpikia mwenyewe, nikiimba.

Nilimpigia mama kelele. Nilimwuliza saa nzuri ilikuwa lini. Septemba haikuwa na saa? Oktoba nzima haikuwa na saa moja?

Hakujitetea. Alikaa chini sakafuni, unga ukikauka vidoleni.

"Siku ya kwanza nilikuja kukuambia," akasema. "Ulikuwa unacheka juu ya mwavuli. Nikasema, kesho. Kesho yake ukaniambia, mama, nimemubikia Abdul maharagwe kwenyi anapenda, kama akifika. Nikaona mutoto wangu angali iko. Kwako iko. Mahali pengine pote amekufa, lakini ndani ya hii nyumba kungali mutu mumoja anamungojea. Nikasema, wacha aishi kidogo. Na haki yake ya eda nisimunyime. Njo maana nikakulinda."

"Ulinilinda!"

"Nilikosea, Djamila. Nilijua ninakosea. Kila siku nilijua."

Nimefunga mlango. Nimeyasoma haya yote tangu mwanzo. Nimeona kila nilipoandika "bado". Miaka yote nimeisoma nyota kwa nuru iliyochelewa kuliko umri wangu, sikuwahi kumlaumu mtu. Kutoka Shabunda hadi Kadutu ni mwendo gani? Mume wangu! Nilikuwa nikimwekea ukoko.

29 Desemba

Sheikh amekuja. Anasema eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si siku ya kujua. Itaisha tarehe tisa. Hata ningejua baada ya kwisha, nisingedaiwa chochote. Alisema kwa upole, kama anayenipunguzia mzigo.

Nikamwambia, "Sheikh, mi sitaki kupunguziwa. Nataka miezi yangu."

Hana ya kunipa. Sheria haimpi mjane zaidi ya hapo.

31 Desemba

Nimekaa juu ya godoro sakafuni. Wanawake wanakuja. Sasa ninalia kwa haki.

2 Januari

Profesa Patrice alikuja kutoa pole. Utetezi wa tasnifu umesogezwa hadi nitakapoweza. Alitaka kunifariji, akasema kazi yangu ni safi, kwamba kupima kitu kwa kilichopungua kinapojificha si kazi ya kila mtu. Kisha akasikia alichosema, akaaga. Nilimwonea huruma.

4 Januari

Mama ananiletea chakula, anaweka mlangoni, anaondoka. Sizungumzi naye. Usoni hana tone. Anapokea wageni, anawapa viti, anawagawia chai, anawaambia wasinichoshe. Rosette amesema, "Mama yako ni chuma." Nikasema ndiyo, chuma.

6 Januari

Kuna jambo linanisumbua. Sheikh alipopita tena leo nilimwuliza kupitia pazia: mama aliyefiwa na mwana hukaa matanga siku ngapi?

"Siku tatu."

"Huyu wa humu ndani alizikaa lini?"

Nilisikia anakohoa. Kisha akatafuta viatu vyake.

Septemba ile alikuwa ananicheka? Hapana, mimi ndiye niliyekuwa ninamcheka. Alikuwa anapika, anafua, ananinyang'anya wanja. Angelia wapi, na mimi niko kila chumba? Nimetumia miezi kumwita askari wangu. Bado nimemkasirikia. Naandika hili ili nisijidanganye: bado nimemkasirikia sana.

9 Januari, Ijumaa

Mvua imepumzika. Bibi Mwamvua na wenzake wamekuja asubuhi, wamenipeleka kuoga, wamenivalisha. Eda imeisha. Walitaka nitoke barazani, watu wanione, ndivyo desturi. Nikawaomba wasubiri.

Nilikwenda jikoni. Mama alikuwa ameinamia sufuria la chai ya wageni. Nikazima jiko.

"Unafanya nini? Batu beko njiani."

"Mama, toka jikoni."

"Nani atapika?"

"Mi nitapika. Kuja."

Nilimshika mkono. Alikuwa mwepesi. Nilimpeleka chumbani kwangu, kwenye godoro lile lile la sakafuni, bado lina joto langu, nikamkalisha, nikamfungua kitambaa cha jikoni kiunoni. Akakaa ameshika magoti yake, anatazama huku na huku, mtu asiyejua aweke wapi mikono.

"Nitafanya nini hapa?" akauliza.

"Hakuna kitu. Kaa tu. Siku tatu."

"Djamila, mi nilishajua tangu zamani. Siku zangu zilishapita."

Nilifungua mlango, nikawaambia wanawake waingie wote, msiba uko huku. Waliingia polepole, wakakaa kwenye mkeka kumzunguka. Mama aliwaangalia mmoja mmoja, wanawake ambao miezi yote hii walikuwa wamemtunzia neno lake. Kisha akanigeukia mimi. Macho yake yalikuwa ya mtoto anayeuliza kitu anachokiogopa.

"Djamila," akasema. "Abdul wangu amekufa?"

Mkubwa wa nyumba ni yeye. Hapakuwa na mwingine wa kumkalisha na kumwambia.

Nikapiga magoti, nikamshika mikono yote miwili.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Amekufa."

Ndipo akalia.